Kibao cha Sh28,000 na friji lililogandisha insulini

Mama alinipigia simu usiku, kwa sauti ya chini ya mtu asiyetaka kusikika chumba cha pili. Mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa kidato cha tatu, alikuwa anaomba Sh28,000 azitume kwa mtu Kariakoo. Alisema ananunua kibao.

"Hebu niambie wewe unayeishi Dar," Mama akasema, "hii siyo kubeti?"

Swali lake lilikuwa na msingi. Mtaani kwetu Kihonda, mjini Morogoro, kijana wa miaka 16 akiomba hela ya kutuma kwenye namba ambayo mzazi haijui, mara nyingi kuna mkeka nyuma yake. Nikaomba apewe simu mwenyewe. Akanieleza haraka haraka: "Dada, ni Raspberry Pi Pico, kihisi joto na nyaya zake. Na nauli ya basi imo humo humo." Nyuma yake nilimsikia Mama: "Kama ni kibao, mimi nitampa bure. Tena viwili."

Hela nilituma mimi. Sikuituma kwa sababu ya mapenzi ya teknolojia. Niliituma kwa sababu ya chupa za insulini zilizokuwa kwenye friji la nyumbani.

Kitindamimba wetu ana miaka tisa na anaishi na kisukari cha aina ya kwanza. Kazi yangu ni kuandika habari za afya, kwa hiyo ninaweza kuueleza ugonjwa huo kwa sentensi moja: kongosho lake halitengenezi insulini, na bila sindano za kila siku sukari hubaki kwenye damu huku mwili ukilia njaa. Nyumbani hakuna anayeueleza hivyo. Nyumbani ulianza kwa kiu isiyoisha, mtoto aliyekwisha kuacha kikojozi akarudia, gauni la shule likaanza kumpwaya, na asubuhi moja akashindwa kuamka vizuri. Mzazi ukiona dalili hizo, usisubiri apimwe malaria mara tatu. Omba apimwe sukari. Ni tone moja la damu kwenye kidole.

Tangu siku hiyo nyumba yetu inaendeshwa na saa na baridi. Insulini ambayo haijafunguliwa hutunzwa kati ya nyuzi joto 2 na 8. Iliyofunguliwa inaweza kukaa nje ya friji kwa takriban wiki nne, ilimradi joto lisizidi nyuzi 25 au 30, kutegemea maelezo ya mtengenezaji. Ikipigwa na joto kali hupoteza nguvu kidogo kidogo. Ikiganda haitumiki tena, hata kama imeyeyuka na inaonekana kama kawaida. Na haichachi kama maziwa ukasikia harufu. Unamchoma mtoto sindano ukijua umempa dawa, kumbe umempa maji ya bei ghali.

Sasa, Morogoro mjini Desemba na Januari joto la mchana hupita nyuzi 30, na umeme una tabia zake. Halafu likizo watoto huenda kwa Bibi, Nyandira, kule Mgeta kwenye Milima ya Uluguru. Huko baridi ipo ila friji halipo. Bibi huweka mtungi mdogo ndani ya mtungi mkubwa, katikati anajaza mchanga, anaumwagia maji, juu anafunika kwa kitambaa kibichi. Maji yanavyokauka yanaondoka na joto. Ndimo insulini ilimokuwa inakaa, ndani ya kopo lenye mfuniko.

Kila likizo mabishano yalikuwa yale yale. Mama alisema mtoto haendi mahali pasipo na friji. Bibi alisema mtungi wake umepoza maji tangu Mama hajazaliwa. Mjomba naye akaingia, maana kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama na neno la mjomba si la kupuuza. Yeye alitaka mtoto aje, dawa zikae zahanati, awe anapelekwa kuchomwa. Zahanati yenyewe ni mwendo wa kushuka na kupanda. Wote watatu walikuwa wanabishana juu ya joto, na hakuna aliyekuwa na namba hata moja.

Mdogo wangu alikuwa amekaa pembeni anasikiliza. Shuleni kwao mwalimu wa kompyuta aliwahi kuwaonyesha kibao kimoja kikiwasha na kuzima taa. Akaanza kuuliza maswali.

Pico ni kipande chembamba cha kijani, urefu milimita 51, upana 21, karibu sawa na kidole gumba cha seremala. Kilitolewa na kampuni ya Raspberry Pi ya Uingereza Januari 2021 kwa bei ya Dola 4 za Marekani. Kikifika Kariakoo bei inapanda, kama kila kitu. Hakina kioo, hakina kibodi, hakichezi muziki. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni kilobaiti 264, na picha moja ya WhatsApp inaweza kuwa nzito kuliko hiyo. Kazi yake ni kusoma kitu, kufanya uamuzi mdogo, na kuwasha au kuzima kitu kingine. Wenzake wamejificha kwenye mashine za kufulia, kwenye rimoti, hata kwenye kile kifaa tunachompimia sukari kitindamimba. Tofauti ni kwamba hiki kimeachwa wazi, na mtoto anaweza kukiambia afanyacho.

Kukiambia kwa lugha gani? Hapo ndipo mambo yamebadilika. Kwa muda mrefu vibao vya aina hii viliandikiwa programu kwa lugha ngumu za mafundi, C na ndugu zake. Ulikuwa unaandika yote, unayageuza kuwa lugha ya mashine, unayapakia, ndipo ujue umekosea wapi. Mwaka 2013 mwanafizikia mmoja wa Australia, Damien George, aliyekuwa Cambridge, Uingereza, aliwaomba watu mtandaoni wamchangie aipunguze lugha ya Python ienee kwenye kifaa kidogo namna hiyo. Aliomba pauni 15,000. Watu zaidi ya 1,900 wakamchangia zaidi ya pauni 97,000. Matokeo yake yanaitwa MicroPython, na hayalipiwi. Miaka michache baadaye, mwaka 2016, watoto wa shule wapatao milioni moja Uingereza waligawiwa bure kibao kiitwacho micro:bit, ambacho nacho kinakubali lugha hiyo.

Python yenyewe ni ya Mholanzi Guido van Rossum, ilitoka mwaka 1991, na jina alilitoa kwenye kundi la wachekeshaji wa Uingereza wala si kwa nyoka. Nilimweleza Mama hivyo baada ya yeye kusema kwamba chatu, awe mkubwa au mdogo, nyumbani kwake haingii.

Mzigo ulifika Stendi ya Msamvu Ijumaa jioni, umefungwa kwa selotepu kama dhahabu. Nilikuwa nimeshuka kutoka Dar kwa mapumziko ya wikiendi, kwa hiyo niliona kazi yenyewe. Laptopu ilikuwa yangu ya zamani ya chuo, ile inayozimika ukiigusa waya. Unabonyeza kitufe cheupe kilicho kwenye kibao, unachomeka waya wa kuchajia simu wa zamani, kibao kinatokea kwenye kompyuta kama flashi. Unaburuta faili la MicroPython ndani yake, basi. Kisha unafungua programu ya kuandikia iitwayo Thonny, ambayo ilitengenezwa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, kwa ajili ya wanaoanza. Ni ya bure pia.

Kwenye kioo zinatokea alama tatu kama vichwa vya mishale, kibao kinakusubiri. Unaandika mstari mmoja, unabonyeza, kinajibu hapo hapo. Kitindamimba alikuwa ameegemea meza. Kaka yake akamwambia andika neno taa, weka nukta, andika "on", weka mabano. Akaandika kwa kidole kimoja. Taa ya kijani kwenye kibao ikawaka. Alikitazama kibao, akatutazama sisi, kisha akaizima na kuiwasha kama mara ishirini hivi, mpaka Mama akauliza kama hiyo ndiyo Sh28,000 inayoliwa.

Kitu ambacho sikukitegemea ni Kiswahili. Maneno ya amri ni ya Kiingereza na ni machache, lakini majina ya vitu unayatunga mwenyewe. Mdogo wangu aliita joto "joto", taa akaiita "taa", faili la kumbukumbu akaliita "mtungi". Mstari wa uamuzi ukasomeka "if joto > 25", chini yake, kwa kuingia ndani kidogo, "taa.on()". Yaani joto likizidi 25, washa taa. Mama alisoma mpaka darasa la saba, hajawahi kugusa programu ya kompyuta, na mstari huo aliuelewa. Kule kuingia ndani kidogo si mapambo, Python inakuhesabia nafasi. Ukiacha mstari umeanza pasipo pake inagoma kabisa. Jioni ile iligoma mara nyingi. Ndiyo hesabu ya insha, nilimwambia, aya ikae mahali pake.

Kihisi joto chenyewe kinaitwa DS18B20, kimefungwa ndani ya kifuko cha chuma kisichopitisha maji, kina waya mwekundu, mweusi na wa njano. Kati ya mwekundu na wa njano unaweka kizuizi kidogo cha umeme. Usahihi wake ni nusu nyuzi juu au chini, unatosha kwa kazi yetu. Alipokiwasha mara ya kwanza kikaandika 85.0. Kilikuwa ndani ya glasi ya maji ya baridi.

Mama akaondoa glasi mezani.

Mdogo wangu alihangaika karibu saa nzima, akabadilisha nyaya, akalaumu muuzaji. Kumbe 85 ndiyo namba ambayo kihisi hicho huamka nayo kabla hakijapima chochote. Kinahitaji robo tatu ya sekunde kupima, na programu yake ilikuwa inakiuliza kabla hakijamaliza. Akaongeza mstari mmoja wa kusubiri. Namba ikashuka ikawa 14.

Nitoke nje kidogo. Kwa miaka michache niliyofanya kazi hii nimejifunza kutodharau vitu vya bei ndogo kwenye afya. Mji wetu unajulikana duniani kwa panya buku wa APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine, SUA, wanaonusa makohozi na kugundua kifua kikuu. Siku hizi wengine wanafundishwa kutafuta watu waliofukiwa na vifusi, wamevishwa kizibao chenye kamera na swichi ndogo wanayoivuta wakimpata mtu. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bath, Uingereza, pamoja na Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo asili yake ni mkoani kwetu, na mafundi wa Bongo Tech & Research Labs wa Dar es Salaam, walichapisha kazi yao kuhusu hadubini ya OpenFlexure. Mwili wake unachapwa kwa plastiki, ndani yake kuna kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na programu inayoiendesha imeandikwa kwa Python. Inaweza kutazama vimelea vya malaria kwenye damu. Kwa hiyo mtu akiniambia vibao hivi ni michezo ya watoto wa Ulaya, nina pa kumwelekeza.

Turudi Kihonda. Kabla ya kwenda Nyandira, mdogo wangu alitaka kukijaribu kifaa kwenye friji, kwa kuwa ndiko kila mtu alikokuwa na uhakika nako. Kihisi akakipitisha kwenye mpira wa mlango, akakilaza nyuma kabisa kando ya chupa za insulini. Kibao kikabaki juu ya friji, nje, kwa sababu unyevu ni adui yake. Kikawa kinapima kila baada ya dakika 10, vipimo 144 kwa siku, na kuandika kwenye kumbukumbu yake.

Umeme tulitumia wa betri. Alianza na powerbank, ikawa inajizima yenyewe kila baada ya muda mfupi, kwa sababu kibao kinakula umeme kidogo mno na powerbank inadhani hakuna kilichochomekwa. Akarudi kwenye betri tatu za redio. Narudia neno hilo kwa mzazi mwenzake Mama: betri. Kijana wako asiguse umeme wa ukutani kwa mradi wa aina hii, hata kama ameona video ngapi.

Siku ya tano tulifungua faili. Siku tatu za kwanza friji lilikuwa kati ya nyuzi 4 na 7, Mama akavuka mikono kifuani akiwa ameshinda. Siku ya nne umeme ulikatika jioni. Joto likapanda polepole hadi 13. Umeme ukarudi, joto likashuka, likapita 8, likapita 2, likapita sifuri. Kufikia saa kumi alfajiri lilikuwa limesimama kwenye nyuzi 1.5 chini ya sifuri, na lilibaki chini ya sifuri kwa karibu saa tatu.

Maelezo yalikuwa mbele yetu siku zote. Umeme ukirudi baada ya kukatika, Mama huzungusha kile kitufe cha ndani hadi namba ya mwisho ili friji lishike baridi haraka, kama afanyavyo kila jirani yetu. Na insulini ilikuwa nyuma kabisa, kwenye ukuta unaoshika barafu, kwa sababu ndipo penye baridi zaidi. Karatasi aliyopewa kliniki iliandika "tunza kwenye friji". Haikusema wapi ndani ya friji, wala haikusema kuganda ni kubaya kuliko joto.

Nikachukua chupa iliyokuwa inatumika, ambayo ilikuwa imetoka kwenye akiba hiyo hiyo wiki tatu nyuma. Ni insulini ya mchanganyiko, ile ya rangi ya maziwa. Unapoizungusha taratibu kati ya viganja inatakiwa iwe nyeupe sawasawa. Ile ilikuwa na chembe ndogo zilizong'ang'ania kwenye kioo, zikakataa kuchanganyika.

Hapo jasho lilinitoka, na si kwa ajili ya chupa. Kwa wiki tatu sukari ya asubuhi ya kitindamimba ilikuwa 16, 18, siku moja 21. Kliniki, ikiwa na namba hizo tu mkononi, ilikuwa imemwongezea dozi. Fikiria sasa: mtoto yuko kwenye dozi iliyopandishwa kwa sababu dawa ilikuwa imechoka, halafu unafungua chupa mpya yenye nguvu zake zote. Sukari inaweza kuporomoka usiku akiwa amelala. Kwa hiyo mzazi ukigundua insulini imeharibika, usibadilishe chupa kimya kimya. Piga simu kliniki kwanza, waeleze, wakupe dozi ya kuanzia, na umpime mtoto mara nyingi zaidi kwa siku chache zinazofuata, usiku ukiwemo.

Tulifanya hivyo. Muuguzi aliyepokea simu alisikiliza mpaka mwisho, akasema chupa zote zilizokuwa nyuma ya friji zisitumike, akatuita tukachukue nyingine. Tanzania imo kwenye mpango wa Changing Diabetes in Children, unaowapatia watoto wenye kisukari cha aina ya kwanza insulini bila malipo, na kwa familia kama yetu huo ndio uhai. Daktari akashusha dozi. Usiku wa kwanza Mama hakulala. Alikaa kwenye kiti karibu na kitanda, glasi ya maji ya sukari mezani, anapima kila baada ya saa tatu. Ndani ya wiki moja namba za asubuhi zilikuwa kati ya 7 na 11.

Siwezi kuapa kwamba ni barafu peke yake. Mtoto anakua, anakula shuleni tusikoona, sindano huchomwa mahali pale pale pakawa pagumu. Lakini ninajua namba zilikuwa zipi kabla na zipi baada.

Siku hizi insulini inakaa rafu ya katikati, ndani ya kopo la plastiki, mbali na ukuta. Kitufe kiko namba mbili na kimebandikwa plasta kisizungushwe. Umeme ukikatika, hakuna anayegusa chochote. Friji lililofungwa linahifadhi baridi lenyewe kwa saa kadhaa.

Desemba ilipofika, safari ya Nyandira haikuwa na ubishi tena, kulikuwa na udadisi. Gari la abiria linakata Sangasanga kwenda Mlali, kisha linaanza kupanda. Kadiri unavyopanda madirisha yanafungwa na masweta yanatoka. Kule juu ni karoti, kabichi, njegere na viazi kwenye matuta, na ukungu unaoingia mpaka jikoni. Bibi alipoona kihisi kinazamishwa kwenye mtungi akacheka. "Mume wangu," alimwambia mjukuu wake, kwa utani wao wa siku zote, "mtungi nao umeumwa, mpaka unapimwa homa?"

Chumba cha Bibi, ambacho Mama alikuwa anakiogopa, kilikuwa kati ya nyuzi 18 na 24. Ndani ya mtungi ilikuwa 16 hadi 18 mchana kutwa, mradi mchanga uwe na maji. Mchanga ukikauka, mtungi ulikuwa unalingana na chumba kufikia saa tisa alasiri. Huko si baridi ya friji, na akiba ya miezi haifai kukaa humo. Lakini chupa moja iliyofunguliwa, kwa likizo ya wiki nne, ilikuwa salama zaidi kwenye udongo wa Bibi kuliko ilivyokuwa nyuma ya friji letu la mjini.

Bibi hasomi namba. Mdogo wangu alifikiria kuweka kioo kidogo, kisha akaacha, akaweka taa mbili. Ya kijani, kila kitu sawa. Nyekundu, ongeza maji. Mpaka wa taa aliushusha kutoka 25 hadi 20, ili Bibi aambiwe mapema. Tatizo lililobaki ni saa: kibao hakina betri ya kutunza muda, ukibadilisha betri za redio kinasahau ni lini. Kitindamimba akapewa daftari. Kila betri zikibadilishwa anaandika tarehe na saa, na kando yake sukari yake ya wakati huo. Daftari hilo ndilo daktari alilolipenda kuliko faili letu lote.

Hapa nitaje utafiti mmoja, maana najua kuna mzazi atakayeogopa zaidi ya inavyotakiwa. Mwaka 2021 Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva walichapisha matokeo ya kazi iliyoanzia kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, kaskazini mashariki mwa Kenya. Walipima joto la kwenye nyumba za wakimbizi, likawa linapanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37, kisha wakaiweka insulini kwenye hali hiyo hiyo maabara kwa wiki nne. Ilibaki na nguvu sawa na iliyotunzwa kwa baridi. Kwa hiyo asiye na friji asimnyime mtoto sindano wala asiache kwenda kumsalimia bibi yake. Fuata maelekezo ya kliniki yako, weka dawa kivulini, usiiache kwenye gari wala dirishani, na kama una friji, ogopa ule ukuta wa nyuma. Mimi binafsi naona kuganda kunasemwa kidogo mno kwenye kliniki zetu.

Wazazi wengine wameniuliza kama wawanunulie watoto wao vibao. Jibu langu limekuwa swali: kuna kitu gani nyumbani kwenu hamkijui? Kuku wanakufa usiku kwa baridi? Tangi la maji linajaa na kumwagika? Mtoto akiwa na swali, hela haipotei. Akiwa hana, kibao kitakaa kwenye droo pamoja na chaja mbovu. Na asitumwe peke yake kwenye lugha hiyo. Maelekezo mengi mtandaoni ni ya Kiingereza, kijana wa kidato cha tatu anayafuata kwa taabu, na dada au mwalimu wa kukaa naye Jumamosi moja anatosha kumsogeza mbali. Mwambieni tu mapema kwamba kifaa hiki hakiamui dozi. Kinapima joto. Dozi ni ya daktari.

Mjomba alikuja siku ya pili ya Krismasi, akaukagua mtungi pande zote bila kusema neno. Jioni akauliza kama kitu hicho kinaweza kukaa kwenye stoo yake ya mbegu za viazi, na bei yake. Akatajiwa. Akasema atafikiria, na Mjomba akisema atafikiria huwa ana maana hiyo hiyo, kwa miezi.

Wiki ya tatu taa zote mbili zilizimika. Bibi akapiga simu akidhani amevunja kitu. Betri zilikuwa nzima, kibao kilikuwa kizima. Waya wa kihisi ulikuwa umetafunwa na panya chini ya kitanda. Panya wa Nyandira hawajapita SUA. Mdogo wangu amenunua waya mwingine, safari hii ameupitisha ndani ya bomba la antena ya zamani ya televisheni, na Bibi anaumwagilia mtungi asubuhi na saa sita kwa mazoea mpaka gari la Jumamosi lifike.